Feni ya Samaki wa Baba

Samaki wa dhahabu hana kazi Mombasa. Asili yake ni Uchina, na huko watu walianza kumfuga kwa kumtazama tu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Anapenda maji ya baridi, tuseme nyuzi 18 hadi 24. Nairobi hana shida. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na zile asubuhi za Julai zinazowafanya mvae majaketi mawili yeye anaziona ni baraka. Sasa mlete Majengo mwezi wa Machi, muweke kwenye chumba cha mabati, halafu ngoja ifike saa nane mchana. Maji ya tangi letu yalikuwa yanafika nyuzi 32.

Watu hudhani samaki anachemka. Hachemki, anakosa pumzi. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto: kwa nyuzi 20 lita moja ya maji matamu hubeba miligramu 9 hivi, kwa nyuzi 30 ni saba na nusu. Na wakati huohuo joto linaufanya mwili wa samaki uende mbio na kutaka oksijeni zaidi. Mapato yanashuka, matumizi yanapanda. Sote tunaijua hiyo hesabu. Ukimuona samaki amepanda juu, mdomo uko nje ya maji unafunguka na kufunga, hakusalimii.

Tulianza na watano. Kufikia wiki ya pili ya Machi walibaki wawili.

Ingekuwa ni samaki tu, nisingeandika. Ni samaki wa Baba. Tangi lenyewe la vioo, la lita 90 hivi, alilipata kwa hoteli moja ya ufuoni iliyomdai-dai kazi, ikafunga mwaka wa 2020 bila kumlipa, akaambiwa achague kitu. Baba alikuwa fundi wa friji. Mtaa mzima walimjua hivyo: friji za maduka ya soda, vyumba vya baridi vya wauza samaki, majokofu ya harusi. Wengine walitoka na viti na magodoro kwenye ile hoteli. Yeye akatoka na tangi. Mama alimuuliza kama samaki hao wanalika, akasema hawaliki, na Mama akarudi jikoni bila neno.

Miaka miwili baadaye Baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto wa ubongo ndio ulioumia, na ndiyo maana mkono na mguu wake wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakaondoka. Anaelewa kila kitu. Ukimdanganya anajua. Lakini maneno aliyobaki nayo yanahesabika kwa vidole: "la", "hii", "bado", na jina la Mama. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya tangi tangu baada ya chai mpaka adhana ya magharibi. Kila samaki alipokufa, siku hiyo Baba hakula. Wa tatu alipokufa hakula siku mbili, na dawa zake za presha hazimezwi kwa tumbo tupu.

Mama akasema, "Tangi litoke kabla wa mwisho hajafa. Nisizike samaki na mtu."

Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Nilikuwa chuo, uhandisi wa umeme, mwaka wa tatu. Baba alianguka Oktoba. Karo ya Januari ikawa ndiyo pesa ya hospitali, na hapo mambo ya chuo yakaishia. Siku hizi naandika. Nyingine ni kama hii, nyingi ni za wateja wa ng'ambo ambao jina langu halitokei popote. Niliacha digrii yangu katikati lakini nimeshawamalizia watu wengine digrii nne hivi, mojawapo ya uhandisi. Alipata alama nzuri sana, hongera kwake.

Wazo la feni halikutoka kwangu. Lilitoka kwa Baba, kwa mguu wa kushoto.

Nyumbani tuna feni moja ya kusimama. Mama huiweka imuelekee Baba kwa sababu mtu asiyeweza kujigeuza akilowa jasho anatoka vidonda. Nikaanza kuona kwamba kila nikirudi kutoka dukani, feni imegeuka. Inaelekea tangi, na Baba shati limemganda mgongoni. Nairudisha. Baada ya dakika kumi imegeuka tena. Siku moja nikajibanza mlangoni nikamuona: anaisukuma kwa kisigino kizuri, polepole, kama anayesogeza mlango uliovimba, mpaka upepo unapiga juu ya maji. Nikaingia. Akanitazama, akaelekeza kidole kwenye kipimajoto kilichobandikwa kiooni. Kilikuwa kimeshuka kutoka 32 hadi 30.

Bila shaka kimeshuka. Alikuwa amefanya kazi ya baridi miaka thelathini.

Friji inapoza kwa sababu kuna kitu ndani ya mabomba kinachogeuka kuwa mvuke, na kugeuka mvuke kunakula joto. Maji ni hivyo hivyo. Lita moja ya maji ikivukizwa inaondoka na kilojuli 2,400 hivi. Chukua tangi la lita 90: lita moja tu ikiondoka kwa mvuke, maji yaliyobaki yangeshuka nyuzi sita, kama chumba kisingekuwa kinarudisha joto wakati huohuo. Chumba kinarudisha, bila shaka, na hewa ya Mombasa imeshashiba unyevu, haipokei mvuke kwa moyo mmoja kama hewa kavu ya Voi. Kwa hivyo usitarajie sita. Mbili au tatu utapata. Feni kazi yake ni kuifukuza ile hewa iliyoshiba iliyolala juu ya maji, ije nyingine yenye nafasi.

Shida ilikuwa tokeni. Feni ya kusimama inakula kama wati 50. Ukiiwasha saa 24 ni zaidi ya uniti moja kwa siku, na Mama anazijua uniti zake kama anavyojua mahamri yake. Halafu Baba naye anahitaji upepo. Nilichohitaji ni feni ndogo ya tangi peke yake, na iwe inajua yenyewe saa ya kuwaka na saa ya kuzima, kwa sababu saa tisa usiku, maji yakiwa yamepoa, kuendelea kupuliza ni kupoteza maji na kumpiga samaki baridi za ghafla.

Kuna kibao cha Kichina kinachouzwa tayari kwa kazi hii, chenye namba nyekundu, kama mia nne hivi. Mwenye haraka anunue, sitamcheka. Mimi nilikuwa na mkebe wa maziwa wa vifaa nilivyorudi navyo kutoka chuo, na sikuwa na mia nne.

Sasa niwaeleze ilivyo, wenye nia ya kujenga mfuate, wengine mnaweza kuruka aya mbili.

Jicho lake ni themista, kidude kidogo kama punje ya mtama chenye miguu miwili. Yangu ni ya omu 10,000 kwa nyuzi 25. Joto likipanda, upinzani wake unashuka: kwa nyuzi 28 ni kama 8,800, kwa nyuzi 30 ni 8,000 na kidogo. Unaiunga na rezista ya kawaida ya omu 10,000, moja juu moja chini, kwenye volti 12. Pale katikati zinapokutana utapata volti 6 maji yakiwa nyuzi 25, na 5.6 yakiwa 28. Ina maana kila nyuzi moja inasogeza volti kama 0.13. Ni kidogo, lakini yatosha. Upande wa pili unaweka rezista ya kuzungusha, ile kama kitufe cha sauti cha redio, nayo inatoa volti unayoitaka wewe. Zile volti mbili zinaingia kwenye LM358, chipu ya miguu minane inayouzwa bei ya andazi na chai, na swali lake ni moja tu: ipi kubwa? Ya themista ikishuka chini ya ya kitufe, chipu inatoa volti, volti inapita kwenye rezista ya omu 1,000 mpaka kwa transista, transista inafungua njia, feni inawaka.

Feni ni ya kompyuta iliyokufa, ya sentimita 12, volti 12. Inakula wati mbili na kidogo. Stima inatoka kwa adapta ya ruta ya zamani. Usisahau daiodi kwenye miguu ya feni, ikitazama kinyume, kwa sababu mota ikizimwa hurusha volti nyuma na transista ndiyo hupigwa.

Hapo saketi imekamilika kwenye karatasi, ila kuna jambo. Ukiijenga hivyo tu, maji yakifika pale pale kwenye alama, feni haitajua iwake au izime. Itatetemeka, washa zima washa zima, mpaka ichoke. Chuoni tulifundishwa dawa yake kwa neno refu, histeresisi, na mhadhiri alichora mchoro wenye mishale miwili ambao nusu ya darasa tuliuhifadhi kwa ajili ya mtihani tu.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, daftari mapajani, namchorea Baba. Sikuwa na hakika anafuata. Nikamwambia, "Baba, ikifika 28 inawaka, ikishuka chini ya 28 inazima."

"La," akasema.

Nikarudia. Akasema la tena, kwa hasira sasa. Akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole cha shahada na gumba vikiwa vimegusana. Akatikisa kichwa. Kisha akavitenganisha, akaacha mwanya kama upana wa biskuti, akanionyesha. Akagusa gumba: akapuliza kwa mdomo, fuu. Akagusa kidole cha shahada: kimya. Halafu akaelekeza friji yetu pale pembeni, ile ambayo amefungua tumbo lake mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Alikuwa ananifundisha mwanya. Thermostati ya friji haiwashi na kuzima mahali pamoja. Inawasha juu kidogo, inazima chini kidogo, na kati yake inaacha mambo yalivyo. Bila hivyo kompresa ingewashwa kabla presha haijatulia, ikwame, iungue. Yeye alishabadilisha kompresa nyingi zilizokufa hivyo. Wateja husema ni stima. Yeye huenda moja kwa moja kwenye thermostati.

Kwenye saketi yetu ule mwanya ni rezista moja tu. Unaiunga kutoka pale chipu inapotoa volti, irudi kwenye upande wa kitufe, ili feni ikiwaka ile alama isogee yenyewe kidogo. Nilipiga hesabu: kwa kitufe cha omu 10,000, rezista ya 220,000 inatoa mwanya wa karibu nyuzi moja. Nikamwaga mkebe sakafuni tuitafute. Rangi zake ni nyekundu, nyekundu, manjano. Daktari wa mazoezi ya kuongea alikuwa ametuambia tumtajie vitu majina na kumpa nafasi arudie, basi nikamshikia ile rezista mbele ya macho, nikamwambia, "Sema, Baba. Nyekundu."

Akajitahidi. Shingo ilitoka mishipa. Alichofanikiwa kutoa ni silabi mbili za mwisho, ambazo zikiwa peke yake si neno la kusema mbele ya watu, na alizitoa kwa sauti kubwa. Mama jikoni akaangusha mwiko. "Astaghfirullah! Unamfundisha nini babako?" Baba akacheka mpaka mate yakamtoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Oktoba ile.

Vilivyokosekana mkebeni vilikuwa transista na kebo, nikaenda mjini. Walio Nairobi mna Luthuli. Sisi tuna viduka viwili vitatu ambavyo mwenye duka lazima akuhoji kwanza. Nikamwambia nataka BD139. Akaniuliza, "Umetumwa na nani, dada?" Nikamwambia nimetumwa na samaki. Akanipa, shilingi arubaini, na akaongeza kwamba nimwambie fundi wangu asiiunge kinyume. Nikamwambia nitamfikishia.

Kuijenga ni jioni moja. Mambo mawili tu yanataka subira. La kwanza ni themista isiingie maji, na pia maji yasiguse shaba ya waya, kwa sababu shaba ni sumu kwa samaki. Nilichukua ganda la biro, nikaitumbukiza themista hadi mwisho, nikajaza silikoni pande zote mbili, ile isiyo na dawa ya ukungu, nikaiacha ikauke siku nzima. La pili Baba ndiye aliyelisimamia. Nilipokuwa nimepitisha waya wa adapta moja kwa moja kutoka ukutani hadi kwenye tangi, akasema "bado", akachora hewani kwa kidole: waya ushuke kwanza chini ya soketi, ndipo upande. Hivyo tone la maji likiteremka na waya litadondoka pale chini, lisiingie kwenye soketi ya volti 240. Hata volti 12 zikiwa ndizo zilizoko juu ya maji, zile 240 bado ziko ukutani zinangoja.

Tukaijaribu kwa vikombe viwili, kimoja cha maji ya uvuguvugu, kingine cha barafu ya mama wa juisi, jirani yetu. Biro ndani ya uvuguvugu, feni ikawaka. Ndani ya barafu, ikazima. Baba alitaka nirudie. Nilirudia mara saba, watoto wa jirani wakaja kutazama, wakaondoka, bado tunarudia.

Niliifunga kwenye kifuniko cha tangi Jumatano, nikaweka alama kwenye 28. Mchana wa Alhamisi joto la nje lilikuwa 33, chumba sikukipima, nilikuwa nakisikia. Maji yalifika 29, yakasimama hapo. Feni haikuzima tangu saa nne asubuhi mpaka saa tatu usiku, ikapumzika, ikawaka kidogo alfajiri, ikapumzika tena. Samaki walishuka kutoka juu siku ya pili. 29 si nyumbani kwao, lakini wanapumua, na mmoja ameanza kufukua mchanga kama zamani.

Kuna gharama ambayo hakuna anayekwambia: maji yanapungua. Lita moja na nusu kwa siku, wakati mwingine mbili. Na kinachoondoka ni maji matupu, chumvi zote zinabaki. Ukijaza kwa maji ya kisima ya hapa kisiwani, ambayo yenyewe yana chumvi, baada ya mwezi umemuweka samaki wa Uchina baharini. Kwa hivyo najaza maji matamu, ya mkokoteni, nikiyaacha ndooni usiku kucha klorini itoke. Mama amepiga hesabu ya maji dhidi ya hesabu ya tokeni. Hakusema kitu, na feni ya kusimama sasa inamuelekea Baba kutwa.

Watu huniuliza kama nitarudi chuo. Mashangazi huuliza kwenye harusi, kwa sauti, sahani mkononi. Baba hajawahi kuniuliza. Maneno yake yaliondoka miezi mitatu kabla mimi sijaondoka chuo, na hili hatujawahi kulizungumza. Hakuna ishara ya kidole niliyoiona ikisema ndiyo au la. Aliuza gari la kazi, ile pikapu, kunilipia mwaka wa kwanza. Wakati mwingine namkuta ananitazama nikiandika kwenye laputopu makala ya mtu wa Ohio kuhusu mabomba ya chuma, na nashindwa kuusoma uso wake, kwa sababu upande mmoja wa uso hausogei. Usiku tulipomaliza saketi alishika kile kibao kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akakagua solda zangu moja moja chini ya taa. Ilichukua muda. Kisha akaniwekea mkononi, akasema, "Hii."

Sijui hii nini. Sikuuliza.

Sasa tuko kwenye suala la stima kupotea. Wiki jana ilipotea kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili, na maji yakapanda tena hadi 31. Betri ya pikipiki ni volti 12, ya saa-ampea 5, na feni yetu inakula karibu ampea 0.2. Hata tukisema betri imezeeka na inatoa nusu, tunapata saa kumi na mbili. Uzuri ni kwamba themista na kitufe vinakula volti kutoka mahali pamoja, kwa hivyo betri ikiwa 12.7 au ikishuka 11.8, vyote vinasogea pamoja na ile alama ya 28 haihami. Nilimweleza Baba haya. Alifumba macho kidogo, akawaza, akakubali kwa kichwa.

Betri iko kwa kijana wa bodaboda pale nje, anataka mia nane, nimempa mia tano, tunabishana. Baba ameshachagua itakapokaa: chini ya meza ya tangi, upande wa kushoto, mkono wake mzuri unapofika.